Picha ya mtoto mwenye bibo mkononi: nifuate jicho langu au la mama yake?

Mpigapicha_Mikindani

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa nyie mnaopiga picha na nyie mliozaa. Jambo lenyewe limenikosesha raha wiki ya pili sasa.

Nina studio ndogo Mtwara mjini, chumba kimoja karibu na stendi, ila naishi Mikindani. Kinachonilisha ni picha za pasipoti, harusi na sherehe za watoto wanaotoka jando. Malipo ya korosho yakishaingia, watu wanakuja familia nzima, nguo zimepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, na kitinda mimba analia kwa sababu viatu vipya vinambana. Kazi hiyo naiheshimu, ndiyo inayolipa kodi ya chumba.

Ipo kazi nyingine isiyoniingizia hata shilingi. Tangu mwaka juzi nawapiga picha watoto wa mtaa wetu, mmoja mmoja, kwenye ukuta mmoja wa nyumba ya kale ya mawe ya matumbawe, kule chini karibu na maji. Nyumba yenyewe imebaki nusu. Paa halipo, mlango haupo, chokaa imebanduka na mawe yanaonekana. Ikifika saa 11 jioni jua liko nyuma ya nyumba, ukuta unakuwa kivulini, na mchanga ulio mbele zaidi, ambao bado unapigwa jua, unarudisha mwanga taratibu usoni kwa mtoto. Sina taa, sina mwavuli. Nina kamera ya mtumba na lenzi moja ya milimita 50. Nakaa chini kabisa mchangani, macho yangu yawe sawa na macho yake. Sharti hilo sijawahi kulivunja. Ukimpiga mtoto umesimama unapata utosi na mashavu, na yeye anaonekana kama kitu kilichoanguka.

Sharti la pili: simwambii acheke. Simwambii chochote, nasubiri. Mwanzoni atasimama kama askari, kisha atatoa vidole viwili kama alivyoona kwenye simu ya kaka yake, kisha atamwangalia mwenzake na kuangua kicheko. Baadaye anachoka kunifikiria, na hapo uso wake unamrudia. Kuna waliochukua dakika 5, kuna mmoja alichukua karibu saa nzima.

Kwa nini nafanya hivi? Mimi ya utotoni nina picha moja tu. Nina miaka 6, nimevalishwa gauni la binamu yangu, viatu vya binamu yangu, nimepakwa poda mpaka shingoni, nimesimama pembeni ya maua ya plastiki. Naitazama mara nyingi sana, na simwoni mtu ninayemfahamu. Namwona binamu yangu mwenye kichwa changu. Niliapa kwamba kuna watoto kadhaa wa Mikindani watakaofika miaka 40 wakiwa na picha ambayo wao wenyewe wamo ndani yake.

Kilichonipa moyo ni habari za mama mmoja Mwingereza, Julia Margaret Cameron. Alizawadiwa kamera na binti yake na mkwewe mwishoni mwa 1863, akiwa na miaka 48. Januari 1864 alimpiga picha mtoto aitwaye Annie, akaiita mafanikio yake ya kwanza. Nimeitazama picha hiyo kwenye simu yangu sijui mara ngapi. Mtoto amefunga vifungo vya koti, nywele zimekaa zilivyotaka, anatazama pembeni, wala hana habari na sisi. Na wakati ule mtoto alilazimika kutulia muda mrefu mbele ya kioo chenye dawa mbichi, si kufyatua na kuondoka kama leo. Wakosoaji walimlaumu kwamba picha zake si kali, zina ukungu. Hakubadili.

Sasa nimefikisha watoto 24. Nilipanga likizo ya Desemba nizitundike picha zote kwenye ukuta uleule kwa siku 3, watu wazione pale pale zilipopigwa.

Picha ya 17 ndiyo inayonisumbua. Ni binti wa miaka 7. Ilikuwa Novemba, mabibo yamejaa chini ya mikorosho, ametoka kuokota korosho na bibi yake. Gauni lina madoa ya mabibo, yale ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Miguu ina vumbi mpaka magotini. Mkononi ameshika bibo jekundu, zima, halijaumwa. Alikuja mwenyewe akasimama ukutani, akanitazama. Hakucheka wala hakununa. Alinitazama tu, kwa utulivu ambao sijauona kwa watu wazima wengi. Nilifyatua fremu 11, na ile ya 8 nikasema moyoni: kwa picha hii tu, miaka yote miwili imelipa. Kwenye daftari langu mbele ya namba 17 niliandika maneno mawili: utu uzima.

Nikamprintia mama yake nakala. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akasema, "Mdogo wangu, umempiga mwanangu kama mtoto asiye na mama."

Akaniuliza kwa nini sikumtuma mtoto nyumbani akaoge kwanza. Gauni la Idd lipo kabatini, la kijani, lina mkanda. Akasema wageni wanaokuja na kamera zao ndio wanaotafuta watoto wenye vumbi, "na wewe umejifunza kwao?" Hakupandisha sauti hata kidogo. Ningefurahi kama angenigombeza.

Kuitundika bila ridhaa yake sitaitundika, hilo wala siulizi. Ninachouliza ni hiki: aliyekosea ni nani? Picha ya mtoto inatakiwa kufuata jicho la anayepiga, au jicho la aliyemzaa? Na kama ni la aliyemzaa, hizi nyingine 23 nilizopiga kwa jicho langu ni kitu gani?

---

Mama_wa_Watatu (Chikongola)

Dada, mimi nipo na mama mtu, na nakuambia bila kukuficha.

Wewe umeona utulivu. Mimi nikiangalia gauni lenye doa la bibo naona kazi iliyonishinda. Doa lile unalifikicha kwa limau, kwa majivu, kwa jiki, linakukodolea macho tu. Mtoto wangu akitoka nje na gauni lile, anayesemwa ni mimi. Yeye hasemwi. Picha inakaa miaka 50. Kwa hiyo umeniandikia doa langu kwa miaka 50 halafu unataka kulitundika njia panda.

Siyo kwamba picha yako ni mbaya. Ila kumbuka kwamba kila picha ya mtoto mdogo ina mama yake ndani hata kama hakusimama pale.

---

Mzee_wa_Chumba_cha_Giza (Lindi)

Mwanangu wa Mikindani, nimeusoma uzi wako nikakumbuka mengi. Nilianza kupiga picha Lindi mjini mwaka 1983, nikaacha macho yaliponiacha. Nikueleze jinsi mambo yalivyokuwa upande wetu, labda utamwelewa huyo mama.

Kamera yangu ilikuwa ya lenzi mbili, ile unayoitazamia kwa juu, kichwa umeinamisha. Filamu yake ilitoa picha 12, basi. Filamu ilikuwa adimu na ghali, kwa hiyo mteja mmoja alipata fremu moja. Siyo kama sasa fremu 11 kwa mtoto mmoja (sikulaumu, nakueleza). Mtoto akipepesa jicho, imekula kwako na kwake. Ndiyo maana tuliwasimamisha wima, mikono ubavuni, pumzi imebanwa. Watu wanadhani tulipenda ukakamavu. Tulikuwa tunailinda fremu.

Nilikuwa na pazia lililochorwa ngazi na vyungu vya maua. Nilikuwa na redio isiyofanya kazi na saa ya mkononi ya kuazimisha. Na nakumbuka mama mmoja aliyevuka kutoka Kitunda kwa mtumbwi, mtoto mgongoni, kichwani kafunga furushi la kanga. Alipofika ndani akafungua furushi, ndani mna gauni jeupe la mtoto, soksi, na kitambaa cha kichwa. Gauni alilibeba kichwani ili maji ya bahari yasiliguse. Akamvua mtoto nguo za njiani, akamvalisha, akampaka mafuta, akamweka mbele ya pazia langu, akarudi nyuma hatua tatu kumtazama, akamrekebisha kola, akarudi tena nyuma. Kisha akaniambia, "Haya." Nikafyatua. Akamvua gauni, akalikunja, akalifunga kwenye kanga, wakarudi Kitunda na nguo za njiani.

Mimi wakati ule nilidhani mpiga picha ni mimi. Nimekaa miaka mingi ndipo nikaelewa kwamba picha ile aliipiga yule mama. Alishaiona kabla hajapanda mtumbwi. Mimi nilibonyeza tu.

Baadaye sana mgeni mmoja alinionyesha kitabu cha picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali. Alifungua studio yake mwaka 1948. Naye alikuwa akipiga fremu moja kwa mteja kwa sababu ya gharama, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka la kitandani lenye nyuzinyuzi pembeni. Kila baada ya miaka kadhaa alibadilisha pazia, na leo wataalamu wanajua mwaka wa picha kwa kuangalia pazia. Alikuwa na redio na saa za kuazimisha! Nililia, mwanangu. Nilikuwa naona aibu kwa ile redio yangu mbovu. Nikaona ndani ya kitabu kile watoto wamekaa mapajani kwa mama zao, wamevikwa vizuri, na hakuna hata mmoja anayeonekana kitu cha kuonewa huruma. Walikuja studio kusema: sisi ni watu, tuandikeni hivi.

Zilipokuja picha za rangi, filamu tulikuwa tunazituma Dar kusafishwa. Masika barabara ikikatika, au pale kivukoni Ndundu mto Rufiji ukifura, filamu zinakaa, na mama anakuja kila wiki kuuliza picha ya mwanawe. Daraja la Mkapa limefunguliwa 2003, mimi nikiwa karibu naacha kazi. Na zikirudi, nyuso zetu zimekuwa nyeusi tititi, meno na macho tu. Wazazi walinilaumu mimi. Kumbe kampuni kama Kodak zilikuwa zinapeleka kwenye maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na mashine zinarekebishwa mpaka ngozi yake ionekane sawa. Watoto wetu hawakuwemo kwenye kipimo. Nimekuja kulijua hilo nikiwa mzee, na liliniuma, kwa sababu kuna mama niliowarudishia picha ambazo mtoto wao hatambuliki.

Kwa hiyo mama anayekwambia "amvalishe kijani chenye mkanda" anapigana vita ya zamani kuliko wewe. Lakini picha yako usiitupe. Yeye anapanga kabla ya kufyatua, wewe unapanga kwa kungoja. Wote mnapanga. Tusidanganyane kwamba kungoja kwako hakuna mkono ndani yake.

---

Fundi_Mwanga (Masasi)

Niongeze la kitaalamu maana Mzee amegusa rangi ya ngozi. Hata kamera za sasa zina ugonjwa wa aina hiyo. Kamera inapima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mweke mtoto wetu ndani ya shati jeupe la shule, kamera inaliona shati, inasema mwanga umezidi, inapunguza, na uso unazama. Pima usoni, siyo kwenye shati. Kama shati litapoteza mikunjo kidogo, lipoteze, hatukuja kulipiga picha shati.

Na wenzangu wa kusini, msipige mtoto saa 6 mchana, hasa Oktoba na Februari ambapo kwetu huku jua linapita utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo mawili. Mwembe mmoja na ukuta wa chokaa unaotazamana nao ni studio tosha. Tafuta nukta ya mwanga ndani ya jicho la mtoto, usipoiona sogea.

La mwisho linaniudhi kweli: wateja wanaotaka mtoto "ang'arishwe" kwa programu ya simu mpaka awe mweupe. Nimeacha kufanya kazi hiyo. Mtoto wa miaka 5 ukimrudishia uso usio wake, umemfundisha nini?

---

Mwalimu_Newala

Nafundisha darasa la 4. Mwaka jana niliwapa wanafunzi simu yangu kwa zamu, kila mmoja picha 10, nikawaambia wapige watu wanaowapenda. Nilitegemea nyuso. Nilipozifungua jioni, nyingi hazikuwa nyuso kabisa. Kulikuwa na mikono ya mama ikitwanga, mgongo wa dada mwenye mtoto amefungwa kanga, baiskeli ya baba imeegemezwa kwenye mti, na kuku. Kuku wengi sana.

Mvulana mmoja alimpiga rafiki yake akiwa amelala chali chini, simu inatazama juu. Rafiki mtu anaonekana ameshika mawingu. Nikamuuliza kwa nini ulilala? Akasema, "Nilitaka awe mrefu kama mwembe." Dada yangu wa Mikindani, wewe unakaa chini muwe sawa, nami naisifu adabu hiyo. Lakini mtoto alipopewa kamera hakutaka usawa. Alitaka mwenzake awe mkubwa kuliko alivyo. Hilo sijaacha kulifikiria, na linanikumbusha huyo mama wa Kitunda aliyebeba gauni kichwani.

Yupo pia Samuel Fosso. Alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975, akiwa na miaka 13. Kijana mdogo, anapiga wateja mchana, na filamu ikibaki fremu chache mwishoni anafunga mlango na kujipiga mwenyewe, amevaa anavyotaka, amesimama anavyotaka. Picha zile alikuwa akimtumia bibi yake Nigeria amwone kwamba yupo salama. Jicho la mpiga picha na jicho la mtoto lilikuwa moja, na aliyekusudiwa alikuwa bibi mmoja tu.

Kwenye uzi huu mmeongea mpiga picha, mama, mzee na fundi. Binti mwenye bibo ana miaka 7, anajua kusema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Kuna aliyemuuliza?

---

Kijana_wa_Boma

Mimi nilikuwa mtoto wa picha, niseme kidogo.

Nilikuwa na miaka 9, nacheza pwani Mikindani na kingalawa nilichochonga kwa gome. Alikuja mgeni, akapiga magoti, akanipiga picha nyingi, akanionyesha nyuma ya kamera kwa sekunde moja, akaondoka. Hakuuliza jina langu. Nipo kwenye ukuta wa nyumba ya mtu, au kwenye kadi, au popote, sijui. Nina miaka 31 sasa na bado kuna siku nawaza: ile picha ipo wapi, na chini yake wameandika nini?

Msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani, aliyepigwa na Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi Pakistan, aliwekwa kwenye jalada la National Geographic Juni 1985. Dunia nzima ilimjua uso. Jina lake, Sharbat Gula, lilikuja kujulikana 2002 walipomtafuta na kumpata. Miaka 17 uso wake ulizunguka bila yeye. Sasa mlinganishe na Lewis Hine wa Marekani, ambaye kuanzia 1908 alizunguka viwandani na migodini kupiga watoto waliokuwa wakifanyishwa kazi. Alikuwa na daftari mfukoni. Aliandika majina, umri na saa wanazofanya kazi. Urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya koti lake mwenyewe, kimya kimya, msimamizi asimshtukie. Watoto wake walikuwa wachafu kuliko yeyote wa Mikindani. Lakini aliwauliza.

Dada, ninachokuuliza siyo kuhusu vumbi. Kwenye daftari lako mbele ya namba 17 umeandika "utu uzima". Hilo neno ni la nani? Ni lake?

---

Mpigapicha_Mikindani

Wakuu, Mzee wangu wa Lindi, shikamoo. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na jibu.

Kijana wa Boma, swali lako la mwisho lilinichoma. Jumamosi asubuhi nilichukua fremu zote 11, nikaziprinti ndogo ndogo, nikaenda kwao. Mama alikuwa uani anachambua dagaa. Nikasalimia, nikamwambia sikuja kubishana, nimekuja kumuuliza mtoto kitu kimoja mbele yake, akikataa naondoka. Akanitazama kidogo, akanisogezea kigoda.

Nikazipanga picha kwenye mkeka. Binti akaja, akachuchumaa, akazitazama moja moja kama mtu anayechagua maharage. Nikamwonyesha ile ya 8. Nikamuuliza, "Hapa ulikuwa unafanya nini?"

Akajibu hapo hapo, bila kufikiri: "Nilikuwa nasubiri uondoke nile bibo langu."

Nikamuuliza kwa nini hakula tu. Akasema, "Bibi amesema usile mbele ya mtu kama humpi. Na lilikuwa moja."

Kwa kitambo hatukusema kitu, mimi wala mama yake. Kisha mama akafuta mikono kwenye kanga, akaichukua picha ile ile aliyoikataa, akaitazama upya. Safari hii aliitazama muda mrefu zaidi kuliko mara ya kwanza. Akaita ndani, "Mama, hebu njoo uone." Bibi akatoka, akaipeleka picha kwenye jua, akaisogeza karibu na pua maana macho hayaoni vizuri. Akaelezwa. Akamgeukia mjukuu wake, akamuuliza, "Na ulipobaki peke yako ulilila?" Mtoto akasema ndiyo. Bibi akasema, "Vizuri."

Mama bado hajakubali itundikwe ukutani, na sijamwomba tena. Alichosema ni, "Huyu ni mtoto aliyefunzwa. Ila watu wa njiani hawatalijua hilo, wataona doa." Ana haki. Picha amechukua bibi. Ameiweka kwenye sanduku la kanga zake.

Mimi niliandika "utu uzima" kwa sababu ndicho nilichotaka kukiona. Mtoto alikuwa na njaa, ana adabu, na mimi nimekaa mchangani nimemziba njia ya kula, nikiuita uvumilivu wake utulivu. Siichukii picha kwa hilo. Naipenda zaidi. Ila neno nimelikata kwenye daftari, nimeandika maneno yake.

Mwalimu, nimeanza kuwazungukia wengine wote na swali lilelile. Mpaka leo nimewafikia 9. Mvulana wa namba 5, yule ambaye mimi nilidhani ana huzuni, anasema alikuwa anasikiliza honi za daladala kujua kama ni ile ya mjomba wake. Binti wa namba 11 aliniambia, "Mimi sikutaka, mama ndiye aliyenituma." Picha hiyo nimeitoa. Ilikuwa nzuri sana, nimeitoa.

Kabla sijaondoka pale kwao Jumamosi, mama akaniuliza kama jioni nitakuwa ukutani. Saa 11 wakaja wote watatu. Binti kaogeshwa, gauni la kijani, mkanda, soksi nyeupe, nywele zimesukwa mchana huohuo. Mama akasimama nyuma yangu. Nikakumbuka mama wa Kitunda, Mzee, nikamwambia, "Sema wewe." Akaenda akamrekebisha mkanda, akarudi nyuma yangu, akamtazama, akaenda tena akafuta kitu shavuni ambacho mimi sikukiona, akarudi. Mimi kidole kipo kwenye kitufe. Akasema, "Sasa."

Nilipiga fremu moja tu.

Nimeiprinti jana. Kwenye picha zangu zote 24 watoto wananitazama mimi. Huyu hanitazami. Macho yamepita juu ya kichwa changu kidogo, yanamtazama aliye nyuma yangu, na uso una kitu ambacho kwa miaka miwili ya kungoja pale mchangani sikuwahi kukipata kwa mtoto yeyote. Hii mama mwenyewe ametaka iwe kubwa, na ameruhusu itundikwe Desemba.

Mzee, sasa naomba la ufundi. Mikindani upepo una chumvi na unyevu, picha nyingi za zamani mtaani zimegandia kwenye vioo vya fremu mpaka ukizitoa uso unabaki kwenye kioo. Hii ya kijani baada ya maonyesho inakwenda ukutani kwa bibi yake. Nifanyeje isigande?

---

Mzee_wa_Chumba_cha_Giza (Lindi)

Marahaba mwanangu.

Picha isiguse kioo, hiyo ndiyo siri yote. Kata fremu ya kadi nyeupe nene izunguke picha pande nne, milimita 2 zinatosha kuacha hewa kati ya picha na kioo. Usitumie boksi la kahawia, litaifanya picha iwe ya njano. Nyuma usizibe kwa plastiki, weka karatasi ipumue, na pembe za chini za fremu bandika vipande viwili vya kizibo ili isilale moja kwa moja kwenye ukuta. Ukuta wenyewe uwe wa ndani, mbali na dirisha la baharini.

Na nyuma yake andika kwa penseli, kalamu ya wino inapenya. Jina la mtoto, tarehe, na nani alisema "sasa".